Nyumba Iliyotaka Watoto

Usiniambie nilikuwa na homa. Wameshaniambia hivyo wengi, akiwemo mume wangu, na padri, na yule bwana wa dispensari ya Bungoma aliyenipa vidonge vya kwinini nikavitupa chooni. Sikuwa na homa. Wala haikuwa usiku, maana najua watu hupenda mambo kama haya yatokee usiku wa manane, mbwa wakibweka. Ilikuwa saa kumi alasiri, wingu limefunga, mimi nimekaa sakafuni nachambua maharagwe. Nilimwona kwa macho haya mawili, na kikuku alichokitoa ukutani ninacho mpaka leo. Ukitaka kukiona njoo Misikhu, uulize nyumba ya Mama Simiyu. Ndivyo wanavyoniita. Jina hilo si langu, na sikumzaa Simiyu, na hilo ndilo ninalotaka kukueleza.

Tulitoka Tabora mwaka wa tatu baada ya vita ile kubwa ya pili. Mume wangu ni seremala, na kulikuwa na tajiri mmoja Kitale aliyekuwa akitafuta mafundi wa kumjengea maghala ya mahindi, kazi ya miaka miwili. Tulipanda treni mpaka Mwanza, tukavuka ziwa kwa meli mpaka Kisumu, kisha basi. Tausi, binti yetu, alikuwa na miaka sita, na swali lake kila kituo lilikuwa kama tumeshafika ng'ambo. Petro alikuwa na miezi minne. Alianza kulia tukiwa katikati ya ziwa, na hakunyamaza.

Kitale baridi yake sikuambiwa. Asubuhi ukungu unakaa juu ya barabara mpaka saa nne, na mimi nimetoka Tabora na kanga mbili. Lakini baridi ningeivumilia. Shida ilikuwa nyumba. Tajiri alimpa mume wangu kitanda, hakumpa chumba. Wanaume wanne chumba kimoja, na mke hana nafasi hapo, sembuse watoto. Basi nikazunguka mwenyewe na Petro mgongoni na Tausi mkononi, mlango kwa mlango, kila mwenye chumba cha kupangisha. Unajua waliniuliza nini kwanza? Hawakuuliza natoka wapi. Waliuliza, "Watoto iko ngapi?" Nikitaja wawili, mlango unaanza kurudi. Mama mmoja alinishauri nimpeleke huyu mdogo kwa bibi yake kwa muda. Nikamwambia bibi yake yuko ng'ambo ya ziwa, safari ya siku kadhaa. Akasema basi pole.

Tulilala siku kumi na moja katika karakana ya seremala mwenzake mume wangu, juu ya maranda ya mbao. Petro alilia mchana, akalia alasiri, akapumzika kidogo kwa kuchoka. Mafundi walikuwa wakinitazama kwa jicho ambalo mama yeyote mwenye mtoto mchanga katika nyumba ya watu analijua.

Ndipo fundi mmoja akatuambia kuna mzee wa Kabuchai ana nyumba ya bati pale Misikhu, kwenye barabara ya kushuka kutoka Kitale. Imekaa tupu muda mrefu. Mume wangu angeweza kuja kila Jumamosi kwa malori ya mahindi na kurudi Jumapili jioni. Tukaenda kumwona. Alikuwa mzee msafi, koti limepigwa pasi, kofia anaivua kabla ya kusalimia. Nikamficha Petro ndani ya kanga, lakini utamfichaje mtoto anayelia? Mzee akauliza kama ni wa kiume. Nikasema ndiyo, na nikaanza kueleza kwamba kawaida hana tabia ya kulia, nikidanganya mchana kweupe. Akanikatiza.

"Wacha alie, mama. Mimi nataka watu wenye watoto. Hii nyumba imekaa sana bila kelele."

Niambie wewe, umewahi kusikia mwenye nyumba anayetaka mtoto wa kulia? Ningejiuliza. Lakini mtu aliyelala siku kumi na moja juu ya maranda hajiulizi. Nilimshukuru mpaka nikapiga magoti, na nikamwambia Tausi naye apige.

Ilikuwa nyumba nzuri, sitaisema vibaya. Vyumba viwili, kuta za udongo zimepakwa chokaa, na nyuma ya mlango wa mbele kigoda kimoja kilichochongwa na mtu anayejua kuchonga. Mzee alisema aliijenga kwa ajili ya mwanawe wa pekee. Nikamuuliza mwanawe yuko wapi siku hizi, akasema alienda vitani. Sikumchokonoa.

Jirani yangu alikuwa Mama Nekesa, mpika pombe ya busaa, mdomo wake mkali na mkono wake mwepesi kutoa. Siku ya kwanza aliniletea ndizi na siku ya pili aliniletea maneno. Alisema mtoto wangu si mgonjwa, analilia jina. Nikamuuliza maana yake nini. Akanieleza kwamba kwao mtoto akilia bila sababu, wanawake wa ukoo wanakaa wanamtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na likitajwa lile analolitaka ananyamaza na kushika ziwa. Aliyekufa amerudi, ameomba asisahauliwe.

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia mwanangu ana jina, amebatizwa Petro na cheti anacho, na wafu wake wote wako Tabora, hakuna hata mmoja anayejua njia ya kuja Misikhu.

Mama Nekesa hakucheka. Alisema, "Si hata sisi hapa tuko na wafu."

Basi ilikuwa wiki ya tatu. Mvua za pale huja alasiri, unaweza kuziwekea saa. Tausi alikuwa kwa Mama Nekesa akichezea kuku. Mimi nachambua maharagwe, Petro amelazwa kwenye mkeka analia kilio kile kile, na nakuambia ukweli, nami nilikuwa nalia. Nililia kwa usingizi, kwa baridi, kwa kutokuwa na mtu hata mmoja wa kuniita mwanangu. Mwanamke akaingia.

Hakupiga hodi. Alikuwa kijana, labda miaka ishirini, gauni la buluu lililopauka, miguu mitupu. Alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akavuta kigoda bila kukitazama, akakaa. Mgongoni alikuwa amefunga nguo ya kubebea mtoto, imekazwa vizuri kabisa, na ndani yake hamna kitu. Na kifuani gauni lilikuwa limelowa mahali pawili.

Mvua ilikuwa bado haijaanza. Mwanamke yeyote aliyenyonyesha anajua yale maji ni nini. Mtoto wa mwenzako akilia, maziwa yako yanatoka hata hujaambiwa. Nikafikiri huyu ana mtoto mchanga amemwacha mahali, na nikamwonea huruma. Sikumwogopa hata kidogo. Watu wakiniuliza kama nywele zilinisimama, nawaambia hapana, nilimwona ni mwenzangu.

Akanyoosha mikono akasema, "Nipe." Nikampa. Utanilaumu? Mtu ambaye hajalala zaidi ya mwezi angempa mtoto hata nguzo ya nyumba kama nguzo ingeomba. Akamlaza mapajani, akamtazama usoni kwa muda, kisha akasema neno moja taratibu.

"Simiyu."

Petro akanyamaza. Hakunyamaza kwa kupungua pungua kama watoto wanavyofanya. Alinyamaza papo hapo, akamgeuzia macho, na katika ukimya ule nikasikia tone la kwanza la mvua likigonga bati. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ziwani kusikia kitu kingine zaidi ya kilio chake.

Akanirudishia mtoto. "Mwite wewe," akasema.

Nikamwita. Mungu anisamehe, nilimwita huku nacheka kwa furaha, kama mtu anayejaribu mzaha. Nikasema, haya Simiyu, njoo unyonye. Akanyonya mpaka akashiba. Yule mwanamke akasimama, akapeleka mkono juu ya mlango wa ndani, akakwangua chokaa kwa kidole, na pale nilipodhani ni ukuta mzima pakafunguka tundu. Akatoa kikuku kidogo cha waya wa shaba iliyosukwa, akamvisha mwanangu mkononi. Kilimtosha sawasawa. Kisha akatoka.

Mvua ilikuwa imeshika. Nilienda mlangoni kumwambia asubiri ipungue. Barabara ilikuwa tupu upande wa Kitale na tupu upande wa soko, na matope mbele ya mlango hayakuwa na alama ya mguu. Unafikiri niliogopa hapo? Sikuogopa. Nilijiambia labda amekimbilia kwa jirani, labda ni mpangaji wa zamani aliyekuja kuchukua kitu chake akaona kinamfaa mtoto. Nilikuwa na mtoto aliyelala. Nikajilaza kando yake, maharagwe nikayaacha.

Kesho yake mwenye nyumba alikuja kutoka Kabuchai kwa baiskeli, kuku jike mweupe amefungwa nyuma. Hakuna aliyemwita. Akauliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia ameacha kulia. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za shamba, anaitwa nani sasa. Nami, mjinga, nikamjibu kwa utani kwamba tangu jana anaitika Simiyu.

Mzee akavua kofia. Kisha akafungua kuku akanipa, akasema ni wa mtoto, tumle leo hii, mimi na watoto, tusimgawe.

Kwetu Tabora mwenye nyumba akikuletea kuku unashukuru na kuinjika sufuria. Ndivyo nilivyofanya. Tukala tukatosheka, Tausi akanyonya mpaka mifupa, na mchuzi nikampaka Petro midomoni apate kuonja. Mama Nekesa alipokuja jioni kurudisha kinu changu, aliona manyoya meupe karibu na jiko. Akauliza nani ameleta hiyo kuku. Nikamweleza yote, kuanzia kigoda mpaka kikuku. Akaketi chini palepale, kinu mapajani.

Aliniambia Simiyu ndiye mwana wa mzee. Alipelekwa vitani ng'ambo ya bahari, na kilichorudi ni karatasi. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna mahali pa kumlilia. Alimwacha mkewe mjamzito katika nyumba hii. Mtoto wa kiume akazaliwa, akaishi miezi minne. Mama yake akamfuata baada ya wiki mbili, maziwa yakiwa bado kifuani. Ukoo ule haukubaki na mtoto wa kubeba jina la Simiyu. Mzee alijaribu wapangaji wawili kabla yangu, na wote hawakuwa na watoto wadogo.

"Jina umeliita kwa mdomo yako," Mama Nekesa akasema, "na kuku yake umekula. Sasa huyu ni mtoto ya hapa."

Nikamuuliza kwa nini hakunionya. Akasema alinionya, nikacheka.

Mwanzoni sikutaka kuamini, na mwanangu alinisaidia kutoamini kwa sababu alinawiri. Alinenepa, akatambaa, akacheka na kila mtu. Lakini jina la Petro hakuliitika tena. Baba yake alikuwa akija Jumamosi na vumbi la mbao kwenye nywele, anachuchumaa mlangoni, anaita, Petro, Petro mwanangu, na mtoto anaendelea kuchezea kigoda kama anayeitwa ni wa jirani. Tausi akisema Simiyu, anageuka mbio. Mume wangu aliudhika, nikamwambia ni mazoea tu ya majirani. Nilijaribu kukivua kile kikuku, kikawa hakipiti kiganjani, ingawa kilikuwa kikizunguka bila kubana. Na pale sokoni wanawake waliokuwa wakiniita Mama Tausi wakaanza kuniita Mama Simiyu, taratibu, mmoja leo na mmoja kesho. Mimi nikaitika. Ningefanyaje?

Miaka miwili ya kazi ikaisha. Ikaja na barua kutoka Tabora kwamba mama mkwe wangu amelala kitandani na anataka kumwona mwanawe kabla macho hayajafumba. Nilifurahi kurudi nyumbani, nisikufiche, nilifurahi hata kwa sababu ya ugonjwa wa mtu. Nikafunga mizigo, nikagawa sufuria. Tukapanda basi la kwenda Kisumu.

Ukishuka kutoka Misikhu, barabara inavuka mto Nzoia kwa daraja. Mtoto alikuwa mapajani mwangu anakula ndizi. Basi lilipofika katikati ya daraja ndizi ikamdondoka. Nikamtazama. Midomo ilikuwa ya kijivu, kichwa kimelegea, hapumui. Nilipiga kelele, dereva akasimama ng'ambo. Mume wangu akampepea, mama mmoja akammwagia maji, hakuna kitu. Sijui ni nini kilichoniambia. Niliruka chini na mtoto mikononi, nikakimbia kurudi darajani, na watu wakinifuata wakidhani nataka kujitupa mtoni. Tulipokanyaga udongo wa upande wetu akakohoa. Akafungua macho, akaomba ndizi yake.

Tulimpeleka Bungoma. Ndipo nilipopewa vile vidonge. Walimsikiliza kifua wakasema ni mzima kuliko mimi.

Mume wangu si mtu wa kuamini upuuzi. Baada ya siku nne akasema tutavuka kwa miguu, polepole, yeye atambeba mwenyewe. Ilikuwa alasiri tena, mvua ikinukia. Nilitembea nyuma yake nimemshika Tausi. Tulipokaribia katikati nikaona kile kichwa kidogo kinaanza kuinama begani mwa baba yake. Nikageuka.

Alikuwa amesimama mwanzo wa daraja, upande wa Misikhu. Gauni lile lile la buluu, ile nguo tupu mgongoni. Hakuwa amekasirika. Ningemwona amekasirika ningemtukana, ningemtupia mawe. Alikuwa amejikumbatia kifua kwa mikono miwili na maji yanampita katikati ya vidole, na alimtazama mtoto kama nilivyokuwa nikimtazama mimi. Nikamwambia mume wangu arudi. Hakumwona yeye, lakini aliiona midomo ya mwanawe. Akarudi.

Tulimkuta mzee anatusubiri kwenye ile nyumba yake ya Misikhu, kana kwamba amesikia. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu wa umri wa baba yangu. Hakujitetea. Alisema alijua mkaza mwanawe huja, na hakutuambia kwa sababu tungekataa. Nikamwomba atufungue, alirudishe jina lake, nitampa chochote.

"Siwezi, binti yangu," akasema. "Hiyo jina ilivuka mara moja ikapotea. Huyo mama unayemwona hawezi kuiacha ivuke tena. Labda mifupa ya kijana yangu irudi, na mimi sijui iko wapi." Kisha akaanza kulia, na mimi niliyekuja kupigana nikajikuta nalia naye. Ungemchukia vipi mzee wa namna ile? Nilijaribu. Bado kuna siku najaribu.

Mama mkwe alikuwa akingoja kule Tabora. Tulikubaliana mume wangu atangulie na Tausi, aanze shule, nami nitafuata baada ya wiki chache tukishapata padri au mtu wa kulimaliza jambo hili. Wiki chache, ndivyo tulivyosema. Nilimsuka Tausi nywele mistari ya kutosha safari. Alinikumbusha nisisahau kuja na kigoda, maana alikipenda. Darajani nilisimama mwanzo wa mbao, Simiyu mgongoni, wakavuka kwa basi. Tausi alipunga mkono mpaka basi likapinda, na baba yake aliinamisha uso kwenye kofia. Nilijua analia kwa jinsi mabega yalivyokuwa yakienda, na sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Padri alikuja akanyunyiza maji, akasema mtoto ni Petro mbele ya Mungu. Nikamwamini, nikajaribu daraja, nikarudi mbio. Nimejaribu kila mwaka tangu siku hiyo. Ungesema ningemwacha kwa mzee nikaenda kumwona binti yangu mwezi mmoja tu. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko nilivyosali. Lakini najua yule mwanamke angekaa na nani kwenye mkeka nikiwa sipo, na najua mtoto angemwita nani mama nikirudi.

Mume wangu alikuja mara moja, akakaa mwezi, akajaribu naye, akaondoka. Baadaye akaoa kule, na barua aliyoniandikia kunijulisha ilikuwa ya upole. Sikumlaumu. Nilimwandikia nikimwomba amlete Tausi anione walau siku mbili. Alijibu kwamba nyumba ile imemchukulia mwana na mke, haitampata wa tatu. Kwa hilo nalo sikumlaumu, ingawa barua niliichoma.

Sasa ni mwaka wa tisa tangu wavuke. Simiyu ana miaka kumi, anachunga ndama wa mzee, anazungumza Kibukusu kama aliyezaliwa nacho, na Kinyamwezi hajui hata salamu. Ni mtoto mwema, ananichotea maji bila kutumwa. Kikuku kilikatika chenyewe alipotimiza miaka saba, nikakirudisha kwenye tundu lake. Tausi ameposwa. Aliniandikia mwenyewe, mwandiko mzuri, akaanza na "Mama mpendwa" kama wanavyofundishwa shuleni kuanza barua ya mtu yeyote. Simiyu alinikuta naisoma akaniuliza Tausi ni nani. Nilimwambia ni mtu aliyekuwa akimbeba. Akaridhika, akatoka kwenda kucheza.

Na yule mwanamke bado huja. Si mara nyingi, ni zile alasiri wingu linapofunga na mtoto yuko ndani. Namsogezea kigoda. Gauni lake sasa ni kavu. Tunakaa tu, wanawake wawili, tunamtazama akifanya hesabu zake sakafuni. Siku ile ya barua ya Tausi nilimsemesha kwa mara ya kwanza tangu lile daraja. Nilimwambia, wewe huna mwili, hulipi nauli, hakuna wa kukuzuia. Nenda Tabora uniangalizie binti yangu. Uje uniambie tu kama amekuwa mrefu.

Alitikisa kichwa. Akanionyesha kwa mkono upande wa mto. Naye haruhusiwi kuvuka.

Basi wewe unayehama, unayekwenda nchi ya watu na watoto wadogo mikononi, nakuomba unisikilize. Milango ikikataa kwa sababu ya watoto wako, usiwachukie watu hao. Ila ukifika kwenye mlango unaofunguka kwa furaha kwa sababu ya watoto wako, simama hapo nje na uulize nani alikuwa akilia humo kabla yao. Usile kabla hujauliza ni chakula cha nini. Na mtoto wako akilia mchana kutwa, hata kama umechoka kiasi cha kutaka kufa, mwache alie kwa jina lake.